Mifumo Endeshi ya Kisasa Kwenye Prosesa za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa yamekusudiwa mtu mwenye kompyuta ambayo bado inawaka na bado inafanya kazi aliyoinunulia, lakini kisakinishi cha mfumo endeshi mpya kimemwambia kwamba prosesa yake haikubaliki. Yanahusu hasa prosesa za Intel na AMD za familia ya x86, kwa sababu ndizo zilizomo katika kompyuta nyingi za zamani, za mezani na za mpakato.

## Prosesa huhesabiwa kuwa ya zamani ikifikisha umri gani?

Umri peke yake hausemi lolote la uhakika. Kinachoamua ni maagizo ambayo prosesa inayaelewa, na maagizo hayo hayaongezeki kwa kufuata miaka tu, bali hutegemea pia familia ya prosesa na hata daraja ambalo kiwanda kiliiuza. Mfumo endeshi huandikwa kwa lugha ya programu, kisha kompaila huugeuza kuwa maagizo ya mashine. Kabla ya hapo watengenezaji huwa wameshaamua kima cha chini, yaani maagizo wanayochukulia kuwa kila prosesa itakayokutana na mfumo huo inayo. Prosesa iliyo chini ya kima hicho hubaki nje, hata iwe na kasi kubwa na kore nyingi kiasi gani.

Chukua mfano wa Core 2 Quad Q6600, iliyotoka mwaka 2007 ikiwa na kore 4 za gigahezi 2.4. Kwa nguvu ghafi inazishinda Atom ndogo za mwaka 2013 zilizowekwa kwenye tableti. Hata hivyo Atom hizo zinaelewa maagizo ya SSE4.2 na POPCNT, na Core 2 Quad haiyaelewi. Mfumo unaoyadai maagizo hayo utaikubali Atom iliyo dhaifu na kuikataa Core 2 Quad iliyo na nguvu.

## Ngazi zinazoitwa x86-64-v1, v2, v3 na v4 ni nini?

Ni namna ya kuyafunga maagizo katika mafungu ili watengenezaji wa mifumo wasibishane kuhusu agizo moja moja. Ziliwekwa mwaka 2020 kwa ushirikiano wa AMD, Intel, Red Hat na SUSE. Ngazi ya kwanza ni maagizo yaliyokuwemo tangu prosesa za kwanza za biti 64 za AMD mwaka 2003. Ngazi ya pili inaongeza SSE3 hadi SSE4.2, POPCNT na CMPXCHG16B. Intel iliifikia mwaka 2008 kwa kizazi cha Nehalem, na AMD mwaka 2011 kwa Bulldozer. Ngazi ya tatu inaongeza AVX, AVX2, FMA na mengineyo, yaani maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa pamoja, na kwa Intel ilianza na Haswell ya mwaka 2013. Ngazi ya nne ni ya AVX-512, na hakuna haja ya kuijadili hapa kwa kuwa hata prosesa nyingi mpya hazinayo.

Mifumo mbalimbali imeanza kuzitumia ngazi hizi kama mlango wa kuingilia. Red Hat Enterprise Linux 9, ya mwaka 2022, inadai ngazi ya pili, na toleo la 10, la mwaka 2025, linadai ngazi ya tatu. AlmaLinux, inayofuata nyayo za Red Hat, imeamua kutoa toleo lake la 10 kwa ngazi ya pili pia, na uamuzi huo umeziokoa kompyuta nyingi. Debian na Ubuntu, kwa kompyuta za biti 64, bado zinaanzia ngazi ya kwanza katika matoleo yao ya kawaida.

Hapa pana mtego ambao huwanasa hata mafundi wazoefu. Celeron N4000 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2017 na imo katika orodha ya prosesa ambazo Windows 11 inazikubali rasmi, lakini haina AVX, kwa hiyo haiwezi kuendesha Red Hat Enterprise Linux 10. Core i7-4770 ya mwaka 2013 iko kinyume kabisa: ina AVX2 na inafikia ngazi ya tatu bila shida, ila Windows 11 haiitambui rasmi. Kompyuta hizi mbili zikiwekwa pamoja mezani, kila moja ni ya kisasa kwa mfumo mmoja na ni ya kale kwa mwingine. Ndiyo maana ushauri wa kwanza katika ukurasa huu ni kuyatazama maagizo kabla ya kutazama mwaka.

## Nitajuaje prosesa yangu inaelewa maagizo gani?

Njia rahisi kuliko zote ni kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyowekwa kwenye flashi, bila kusakinisha chochote kwenye diski, kisha kuandika amri ya `lscpu` kwenye taminali. Katika majibu yake utaona orodha ndefu ya vifupisho. Usiogope urefu wake, kwa sababu unahitaji vichache tu. Kifupisho cha `lm` maana yake prosesa ni ya biti 64. `pae` na `nx` vinahusu kumbukumbu na ulinzi wake. `sse2` ni kima cha chini cha karibu kila programu ya leo. `cx16`, `sse4_2` na `popcnt` vikiwepo vyote, kwa kawaida ngazi ya pili imetimia, na `avx2` ni dalili ya ngazi ya tatu.

Kwenye Linux yenye maktaba ya glibc 2.33 au ya baadaye unaweza kupata jibu la moja kwa moja kwa amri ya `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`, ambayo mwishoni huorodhesha ngazi na kuandika ni zipi zinazokubalika. Ukiwa ndani ya Windows, programu ya Coreinfo, ambayo Microsoft yenyewe inaitoa bure, huorodhesha maagizo na kuweka alama ya nyota kwa yale yaliyopo.

Tahadhari moja: kifupisho cha `nx` kinaweza kukosekana kwa sababu tu kimezimwa kwenye mipangilio ya BIOS (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi), ambamo mara nyingi huitwa XD au Execute Disable. Ingia humo uhakikishe kabla ya kuihukumu prosesa.

## Agizo likikosekana, hasa hutokea nini?

Prosesa haijaribu kukisia. POPCNT, kwa mfano, ni agizo linalohesabu ni biti ngapi zilizo na thamani ya 1 ndani ya namba. Ni kazi ndogo, na prosesa isiyo na agizo hilo inaweza kuifanya kwa mfululizo wa maagizo mengine ya kawaida. Lakini kompaila ikishaliandika agizo lenyewe ndani ya programu, prosesa ya zamani ikifika hapo hukutana na baiti isizozijua, husimama na kuipa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, taarifa ya kosa. Kama aliyeitumia ni programu ya kawaida kwenye Linux, kerneli huifunga programu hiyo na kwenye taminali huandikwa maneno "Illegal instruction", na mengine yote kwenye kompyuta huendelea kama kawaida. Kama agizo limo ndani ya kerneli yenyewe, hakuna aliye juu yake wa kuipokea taarifa hiyo, na kompyuta haiwaki kabisa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa Windows 11 toleo la 24H2. Matoleo yaliyotangulia yangeweza kulazimishwa kwenye Core 2 kwa ujanja, kwa kuwa masharti yalikuwa yakikaguliwa na kisakinishi tu. Kuanzia 24H2 maagizo ya POPCNT na SSE4.2 yameingia katika kiini cha mfumo, na hakuna mpangilio unaoweza kubadilishwa ili kuyakwepa.

Programu moja moja nazo huweka masharti yake. Hifadhidata ya MongoDB, kuanzia toleo la 5.0, inadai AVX kwenye x86, kwa hiyo mfumo endeshi unaweza kuwaka vizuri kabisa huku programu uliyoikusudia ikikataa.

## Je, naweza kuweka Windows 11 kwenye kompyuta isiyokubaliwa rasmi?

Kiufundi, mara nyingi inawezekana. Masharti rasmi ni prosesa ya biti 64 yenye kore 2 au zaidi iliyomo katika orodha ya Microsoft, RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, UEFI (mrithi wa BIOS) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kukagua programu za kuwashia, na TPM 2.0, kifaa cha kutunza funguo za usalama. Kwa Intel orodha hiyo kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha 8, na kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Hakuna toleo la biti 32.

Kabla ya kufanya ujanja wowote, kagua TPM. Kompyuta nyingi hudaiwa hazina kifaa hicho wakati kimo ndani ya prosesa au ubao mama na kimezimwa tu; kwenye BIOS kitafute kwa jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Kiwashe, kisha endesha `tpm.msc` ndani ya Windows uone toleo lake.

Kama tatizo ni prosesa kutokuwemo katika orodha, lakini ina SSE4.2 na POPCNT, kisakinishi kinaweza kurukwa kwa kubadilisha funguo za rejista au kwa kuandaa flashi kwa programu ya Rufus, ambayo ina chaguo la kuondoa ukaguzi huo. Mfumo utawaka na kufanya kazi. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, hivyo utalazimika kurudia ujanja ule ule kila mara. Kwa mtu anayefahamu anachokifanya na anayetunza nakala rudufu za faili zake, hilo linavumilika. Kwa kompyuta ya mzazi, ya shule au ya ofisi ambayo hakuna wa kuiangalia, siupendekezi mpango huo hata kidogo, kwa sababu siku mfumo utakapokataa kusasishwa hakuna atakayegundua.

Ni haki kueleza pia kwa nini Microsoft iliweka mstari pale. Windows 11 imejengwa kwa kutegemea ulinzi unaotumia mashine pepe kuitenga kerneli na msimbo usioaminika, na prosesa nyingi za zamani zinaweza kufanya kazi hiyo kwa kuiga tu, jambo linalopunguza kasi. Sababu hiyo ni ya kweli. Ninachokipinga ni mstari kuchorwa kwa majina ya vizazi badala ya uwezo wenyewe, kwa kuwa kwa njia hiyo kompyuta nyingi zenye nguvu ya kutosha zimewekwa kando.

## Je, nibaki na Windows 10?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Watu binafsi waliojiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada ya usalama wanayapata hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mashirika yanaweza kuyalipia kwa muda mrefu zaidi, hadi mwaka 2028. Kubaki humo ukiwa ndani ya mpango huo ni uamuzi wa busara wa muda. Kubaki humo bila masasisho, huku kompyuta ikitumika kwa barua pepe na benki, si uamuzi ninaoweza kuutetea.

## Prosesa yangu ni ya biti 32 tu. Bado kuna mfumo wa kisasa kwa ajili yake?

Upo, ila milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, na ni vyema kulijua hilo mapema. Ubuntu iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 cha toleo lake kuu la mezani mwaka 2017. Arch Linux iliacha mwaka huo huo. Fedora iliacha kutoa kerneli ya biti 32 mwaka 2019. Debian ilivumilia kuliko wengi: toleo la 12, la Juni 2023, ndilo la mwisho lenye kisakinishi na kerneli za biti 32, kwa kuwa toleo la 13, la Agosti 2025, limebakiza vifurushi vya biti 32 kwa ajili tu ya kuendesha programu za zamani ndani ya mfumo wa biti 64. Kwa upande wa vivinjari, Mozilla imesitisha Firefox ya Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144.

Wanaobaki ni miradi kama antiX, ambayo imetengenezwa makusudi kwa kompyuta dhaifu, na Alpine Linux, pamoja na mifumo ya NetBSD na OpenBSD ambayo bado inatoa matoleo ya i386, jina la x86 ya biti 32. Mifumo hii inahitaji mtumiaji aliye tayari kusoma maelezo na kuandika amri, hasa hiyo mitatu ya mwisho.

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha kwanza kwamba prosesa kweli ni ya biti 32. Kompyuta nyingi ziliuzwa na Windows ya biti 32 huku ndani zikiwa na prosesa ya biti 64, na wenyewe hawakuwahi kuambiwa. Kifupisho cha `lm` ndicho kitakachokupa jibu. Prosesa ambazo kweli ni za biti 32 ni kama Pentium III, Pentium M, Athlon XP, Core Duo ya kwanza ya mwaka 2006 (si Core 2 Duo), na Atom N270 iliyojaa kwenye laptopu ndogo za mwaka 2008 na 2009.

Kuna jambo jingine linalohusu biti 32 ambalo halizungumzwi vya kutosha. Programu zinazohesabu muda kwa sekunde ndani ya namba ya biti 32 zitaishiwa na namba tarehe 19 Januari 2038. Debian 13 imehamisha hesabu hiyo kwenda biti 64 kwa prosesa za biti 32 za familia nyingine, lakini i386 imeachwa nje ya uhamisho huo, kwa sababu lengo lake sasa ni kuendesha programu zilizokwisha kutengenezwa. Anayepanga kuitumia mashine ya i386 kuongoza mtambo kwa miaka mingi inampasa kuliweka hilo katika hesabu zake.

## Kisakinishi kinasema prosesa yangu haina PAE, lakini kwingine nimesoma kwamba inayo. Nani mkweli?

Kama prosesa yako ni Pentium M ya matoleo ya mwanzo, huenda wote wawili wako sahihi. PAE ni uwezo ulioanza na Pentium Pro mwaka 1995, unaoiruhusu prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4. Baadhi ya Pentium M zina uwezo huo lakini haziutangazi zinapoulizwa. Kerneli ya Linux ina chaguo la `forcepae`, ambalo huongezwa kwenye mstari wa kuwashia, na kwa chaguo hilo kerneli huutumia uwezo huo bila kungoja tangazo. Nimeona laptopu zilizotupwa kwa sababu ya ujumbe huo wa kosa zikiwaka vizuri baada ya kuongeza neno hilo moja.

## Mfumo mpya utaipunguza kasi kompyuta yangu?

Unaweza, lakini mara nyingi prosesa hulaumiwa kwa kosa la diski. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji takribani milisekunde 8 kukamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo data zikiwa zimetawanyika inaweza kusoma vipande kama mia moja hivi kwa sekunde. Mfumo wa kisasa unapowaka husoma maelfu ya faili ndogo. SSD ya kawaida ya SATA husoma makumi ya maelfu ya vipande kwa sekunde, na faida hiyo inaonekana hata kwenye ubao mama wa zamani wenye SATA ya kizazi cha pili. Kama una fedha za kubadilisha kifaa kimoja tu, badilisha diski.

Kinachofuata ni RAM. Kivinjari ndicho kinachoila zaidi kuliko mfumo wenyewe. Gigabaiti 2 zinatosha kuwasha Linux yenye eneokazi jepesi kama Xfce au LXQt, ila kurasa chache tu nzito zitaijaza. Gigabaiti 4 zinavumilika, na kwa gigabaiti 8 mtu hufanya kazi za ofisi bila kuwaza. Ambapo RAM haiwezi kuongezwa, washa zram, ambayo huibana sehemu ya kumbukumbu isiyotumika kwa wakati huo badala ya kuipeleka diskini. Prosesa hufanya kazi zaidi kidogo, lakini kusubiri kunapungua sana.

Jambo la tatu ni joto. Vumbi likiziba feni na pesti ya kupitishia joto ikikauka, prosesa hujishusha kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji huona tu kwamba kompyuta imechoka. Safisha kwanza, ndipo upime.

## Kila kitu ni chepesi isipokuwa video za intaneti. Kwa nini?

Kwa sababu tovuti nyingi hutuma video kwa miundo ya VP9 au AV1, ambayo kadi za grafiki za zamani haziijui, hivyo kazi yote ya kuifumbua huiangukia prosesa. Kadi nyingi za baada ya mwaka 2010 zinaweza kufumbua H.264. Kuna viongezo vya kivinjari vinavyoilazimisha tovuti itume H.264, na ukipunguza pia ukubwa wa picha hadi mistari 720 tofauti huonekana mara moja.

## Kadi yangu ya grafiki ya zamani itatambuliwa?

Kwa Intel na AMD, kwa kawaida ndiyo, kwa kuwa draiva zao zimo ndani ya Linux. Draiva za kadi za kale zaidi ziliondolewa katika toleo la 22.0 la Mesa, mkusanyiko wa draiva za grafiki za Linux, na kuhamishiwa kwenye tawi linaloitwa Amber, ambalo baadhi ya distro (aina mbalimbali za Linux) hulitoa kama kifurushi cha pembeni. Kwa Nvidia hali ni ngumu zaidi: draiva za kiwanda kwa kadi za zamani hazitengenezwi tena, na huharibika kila kerneli inapobadilika. Tumia nouveau, draiva huria, hata kama kasi yake ni ndogo.

## Prosesa za zamani ni salama? Nimesikia kuhusu Meltdown na Spectre.

Swali hili linastahili jibu refu. Udhaifu huo ulitangazwa Januari 2018, na chanzo chake ni tabia ya prosesa kutekeleza maagizo kabla ya kuwa na uhakika kwamba yatahitajika. Meltdown inagusa karibu prosesa zote za Intel zilizotengenezwa tangu mwaka 1995 hadi wakati ule, isipokuwa Itanium na Atom za kabla ya mwaka 2013. Prosesa za AMD hazikuguswa na Meltdown, ila Spectre iliwagusa karibu wote.

Kinga ya Meltdown imo ndani ya mfumo endeshi wenyewe: kerneli hutenganisha ramani yake ya kumbukumbu na ya programu, na kila programu inapoomba huduma, ramani hubadilishwa. Prosesa zenye uwezo unaoitwa PCID, ambao Intel iliuanza mwaka 2010, hufanya mabadiliko hayo bila kufuta anwani zilizokwisha kutafsiriwa. Zisizo nao hufuta kila mara na kuanza upya, na hapo ndipo Core 2 na Nehalem hulipa gharama kubwa kuliko ndugu zao wadogo. Kazi zinazosoma na kuandika faili nyingi ndizo zinazoonyesha tofauti. Kuandika barua au kusoma ukurasa hakuionyeshi sana.

Kinga nyingine zinahitaji maikrokodi mpya (programu ndogo inayoendesha prosesa kwa ndani) kutoka kiwandani, na mwezi wa Aprili 2018 Intel ilitangaza kwamba haitatoa maikrokodi ya Spectre kwa baadhi ya familia zake za zamani. Unaweza kuiona hali ya kompyuta yako kwa macho yako. Fungua kabrasha la `/sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/` kwenye Linux usome faili moja moja. Kwenye prosesa iliyoachwa, faili ya `mds`, inayohusu udhaifu mwingine wa aina hiyo, husema "Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode", yaani kerneli imejaribu kufanya inachoweza lakini prosesa haina nyenzo za kuisaidia. Faili ya `spectre_v2` huenda ikawa na habari njema zaidi, ikitaja Retpolines, kwa sababu kinga hiyo huwekwa na kompaila na haihitaji maikrokodi.

Kwa vitendo, hatari hizi humhusu zaidi anayeendesha msimbo wa watu wengine, kwa mfano seva inayogawiwa wateja mbalimbali. Kwa kompyuta ya mtu mmoja, mlango mkubwa ni kivinjari, na vivinjari vimewekewa kinga zake. Kwa hiyo prosesa ya zamani yenye mfumo unaosasishwa ni salama kuliko prosesa mpya yenye mfumo ulioachwa, na sisiti kulisema hilo.

## Basi nizime kinga hizo kwa `mitigations=off` ili nipate kasi?

Kwenye mashine inayovinjari intaneti, usizizime. Kwenye mashine ya maabara iliyotengwa na mtandao, inayoendesha programu zako mwenyewe tu, unaweza, ukiwa umepima kabla na baada.

## Kusimba diski nzima kunafaa kwenye prosesa isiyo na AES-NI?

Kunafaa. Maagizo ya AES-NI yalianza kwa Intel mwaka 2010, na bila hayo usimbaji hutumia nguvu ya kawaida ya prosesa. Endesha `cryptsetup benchmark` uone prosesa yako inamudu megabaiti ngapi kwa sekunde. Ikiwa kasi hiyo inazidi ile ya diski ya kuzunguka, hutahisi kitu. Ikiwa ni ndogo mno, Linux ina mtindo wa Adiantum, uliobuniwa na Google kwa ajili ya prosesa za namna hiyo hiyo.

## Tableti yangu ina prosesa ya biti 64, lakini flashi ya mfumo wa biti 64 haionekani. Kasoro iko wapi?

Huenda UEFI yake ni ya biti 32. Tableti na laptopu ndogo nyingi zenye Atom za mwaka 2013 zilitoka hivyo. Flashi inapaswa kuwa na faili ya `bootia32.efi`, ambayo distro nyingi haziiweki. Ukiiongeza kwenye kabrasha la `EFI/BOOT`, kompyuta huanza kuiona flashi. Kerneli itakayowaka baada ya hapo inaweza kuwa ya biti 64.

## Je, ChromeOS Flex ni suluhisho?

Kwa anayetumia kivinjari pekee, ndiyo. Google iliitoa rasmi mwaka 2022, nayo inahitaji prosesa ya x86 ya biti 64, RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 16. Kabla ya kuisakinisha, tazama katika orodha ya Google modeli yako itasaidiwa hadi mwaka gani.

## Na Mac za Intel?

Mradi wa OpenCore Legacy Patcher huziwezesha Mac zilizoachwa na Apple kuwasha matoleo mapya zaidi ya macOS, kwa kurudisha draiva zilizoondolewa. Hata hivyo, njia hiyo inafikia ukingoni: Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS 26 Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Linux huendeshwa vizuri kwenye nyingi kati yake, isipokuwa zile zenye chipu ya usalama ya T2, ambazo zinahitaji kerneli iliyoandaliwa mahususi ili kibodi ya ndani na sauti vifanye kazi.

## Hakuna mfumo unaosasishwa unaoikubali kompyuta yangu. Naweza kuendelea kuitumia?

Unaweza, mradi usiiunganishe na intaneti. Kuandika, kuendesha mashine ya kuchonga, kusoma vifaa vya maabara vinavyotumia poti za kale na kucheza muziki uliohifadhiwa ni kazi zisizohitaji mtandao. Hamisha faili kwa flashi ambayo unaikagua kwenye kompyuta nyingine, tenga nakala rudufu, na kama kuna anayeitumia baada yako, bandika karatasi kwenye kasha lake inayosema isiunganishwe na eleza sababu. Kama kadi ya mtandao inaweza kuchomolewa, ichomoe kabisa, kwa kuwa mipangilio iliyozimwa kwa programu huweza kuwashwa tena na mtu asiyejua.